Maharage ya Jicho Jekundu

Mama Mdogo wangu ana mabomba mawili ya kupulizia dawa, na ole wako uyachanganye. Moja limefungwa kitambaa chekundu kwenye mpini. Hilo ni la mahindi. Jingine limefungwa kitambaa cheupe; hilo ni la mikunde, yaani maharage, kunde, soya na jamaa zao. Yananing'inia kwenye kuta mbili za chumba kimoja, yakitazamana, kila moja na ndoo yake, kopo lake la kupimia na brashi yake. Siku moja nilimsaidia kufanya usafi nikaliweka lile jekundu kando ya jeupe. Alinitoa nje, mimi mtu mzima mwenye watoto, akaniambia nisikanyage humo mpaka aniite. Hajaniita bado.

Kazi yake ni kupulizia mashamba ya watu. Anabeba lita kumi na sita mgongoni, anatembea mstari kwa mstari, mkono wa kushoto ukipampu na wa kulia ukielekeza nozeli chini, na haongei. Ukimsemesha akiwa kazini hakujibu, kwa sababu anahesabu hatua. Watu wamemzoea. Akiwa mbali wanamwita Msusi, na jina hilo lina kisa chake ambacho nitakisimulia muda si mrefu, ingawa mwenyewe akisikia nimekisimulia nitakuwa sina pa kujificha.

Mimi nauza kwenye duka la pembejeo, mkabala na kituo cha mabasi. Ndiko anakonunua dawa, na ndiko wateja wake wanakompatia. Ana sharti moja linalowaudhi watu: hapulizii shamba lolote mpaka mwenye shamba alete magugu yenyewe, yameng'olewa na mizizi, yamefungwa kwenye gazeti. Anayatandaza juu ya kaunta yangu, kaunta ninayoifuta kila asubuhi, anayapanga moja moja na udongo wake. Hii nyasi. Hii nyasi. Hili jani pana. Hii ndago, na ndago haisikii dawa ya nyasi, hii utaing'oa kwa mkono wako mwenyewe baba yangu. Kisha anauliza maharage yana majani mangapi, na yamebakiza siku ngapi kutoa maua. Hapo ndipo ananiambia nishushe chupa ipi kutoka rafuni.

Wateja wapya huuliza swali lile lile. Dawa inajuaje kwamba hii ni nyasi na lile ni harage, wakati vyote ni vya kijani? Mimi nimesoma kijikaratasi, kwa hiyo nawaeleza kwamba inaingia kwenye jani la nyasi, inashuka mpaka kwenye moyo wa mche, inauzuia kukua, na harage lina maumbile mengine halishughuliki nayo. Wanaitikia kwa kichwa bila kuelewa. Mama Mdogo hujibu kwa mkato.

"Inachagua," husema. "Binadamu ndiye akikasirika hachagui."

Halafu anabeba chupa yake anaondoka, anatuacha tunatazamana.

Bibi yangu alifariki Mama Mdogo akiwa na miaka tisa. Mama yangu alikuwa na kumi na tisa, ameolewa juzijuzi, na mimi nilikuwa tumboni. Akamchukua mdogo wake, akamlea pamoja nami. Tumeogeshwa kwenye beseni moja na tumechapwa fimbo ile ile, ingawa yeye alichapwa zaidi kwa sababu mimi nilikuwa mwepesi wa kukimbia. Bibi hakuacha nyumba wala mifugo. Aliacha mbegu za maharage, debe moja lililojazwa majivu juu: punje nyeupe, na doa jekundu lililokoza kuzunguka lile jicho ambapo punje hushikana na ganda lake. Sokoni hayakuwepo. Mama aliyapanda kila msimu, mengine tukala, mengine akatunza. Yakichemka, harufu yake iliwatoa watoto wote uani bila kuitwa.

Mama Mdogo aliyapenda kuliko sisi wote, na alikuwa na sababu ambayo aliniambia mara moja tu, tukiwa wasichana. Alisema sura ya mama yake ilikuwa inamtoka. Alikuwa amesahau pua, amesahau sauti, amebaki na lile pengo la jino la mbele tu. Lakini akila yale maharage, kwa muda wa sahani moja, alimwona mzima, amekaa, anamtazama. Sahani ikiisha, na mama yake anaondoka. Nilidhani ni maneno ya mtu anayetaka kuongezewa chakula, na nikamwambia hivyo.

Sasa kile kisa. Miaka sita iliyopita alikuwa na bomba moja tu, ndiyo kwanza ameanza kazi. Siku ya Jumatatu alipulizia mahindi ya mtu, kwa dawa inayoua majani mapana na kuacha mahindi. Jumanne ilikuwa zamu ya shamba la Mama. Mama alikuwa ameshamtumia salamu tatu: nyasi zinanimaliza, huko kwa watu unawahi, kwa dada yako unajivuta. Maharage yalikuwa na majani matatu, wakati wake hasa. Mama Mdogo akasuuza tangi mara mbili, akaona maji yanatoka meupe, akaweka dawa ya nyasi, akapulizia shamba zima huku akiimba. Siku hizo alikuwa anaimba.

Hakufungua chujio la ndani ya mpini. Hakusafisha mpira. Dawa ya mahindi ilikuwa imebaki humo, pengine vijiko vichache, na harage ni jani pana. Jumatano miche ililegea. Alhamisi majani yalikunja kingo zake kama vikombe. Kufikia Jumamosi shina la kila mche lilikuwa limejisokota kuanzia chini mpaka juu, mstari baada ya mstari, limesukwa vizuri kabisa. Na watu hawana dogo. Mtu mmoja akasimama barabarani, akatazama, akauliza ni msusi gani aliyepita hapa. Jina likashika siku hiyo hiyo.

Mama alisimama katikati ya lile shamba. Nilikuwepo. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga.

"Umeimaliza mbegu ya mama," akasema. "Nilipanda yote. Sina hata punje moja. Umemaliza."

Basi. Hakumfukuza, hakumwambia asirudi. Mimi ni shahidi. Mama Mdogo ndiye aliyeamua, palepale akiwa na bomba mgongoni, kwamba hatakanyaga tena nyumba iliyomlea mpaka aingie na mbegu ile mkononi. Aliniambia njiani, tukirudi. Nikamwambia hasira za Mama zinapoa, ampe wiki. Hakunisikia.

Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka sita. Nyumba zao zimetenganishwa na barabara moja na kisima. Wakikutana kwenye msiba wanasalimiana kama watu waliopishana kwenye foleni ya benki. Na katikati yao niko mimi. Jamani, mimi nimechoka. Mama Mdogo akija dukani, kabla hajauliza bei ya chochote anauliza, "Kile kikohozi kimemwacha?" Nikijibu, anaongeza, "Usimwambie nimeuliza." Kwenda mashambani huzunguka njia ndefu, apite nyuma ya nyumba ya Mama aone kamba ya nguo. Kutokana na nguo anajua kila kitu. "Leo kaanika shuka tatu, ana mgeni? Lile gauni la kijani halionekani siku hizi, limechanika?" Nami najibu. Limechanika, Mama Mdogo. Anachezea kifuniko cha chupa, na najua kwamba juma lijalo nitakabidhiwa kitambaa cha kijani nimpelekee Mama, niseme nimenunua mimi.

Huku kwa Mama nako ni hivyo hivyo. Yeye hamtaji kwa jina wala kwa undugu. "Yule mtu wa mabomba," husema, akiwa amenipa mgongo, "anavaa barakoa akifanya kazi, au anajipulizia mapafuni?" Nikisema anavaa, na glavu na miwani pia, anasonya. "Angekuwa na akili hivyo zamani." Lakini naona mabega yanashuka.

Mama Mdogo aliposhika upya kazi yake, aliishika kwa namna nyingine. Alinunua bomba la pili. Akaanza kuosha mara tatu kwa maji na sabuni, akifungua chujio, mpira, nozeli, kila kitu, anapanga vipande kwenye jua. Na kabla hajapulizia shamba lote la mikunde, huchagua pembe moja, hupulizia miche kumi, hungoja siku mbili. Isipojikunja, anaendelea. Wenye mashamba wanalalamika kwamba wenzake wanamaliza kazi asubuhi moja. Anawaambia wakawaite hao wenzake.

Na kila shamba anakokwenda, anatafuta. Dawa ikishaingia kwenye bomba hasemi, lakini kabla ya hapo ana ombi lake: mbegu iliyobaki naweza kuiona? Amefunguliwa magunia, madebe, chupa za soda, soksi. Amekwenda kwa miguu mpaka sehemu ambazo basi halifiki, kwa sababu mtu alimwambia kuna bibi ana maharage meupe. Meupe yalikuwepo, jicho jeusi. Mara nyingine jicho jekundu, lakini punje ndefu kama figo, si yenyewe. Akirudi kutoka safari hizo anakaa kwenye gunia la mbolea nyuma ya kaunta yangu. Siku moja aliniuliza, "Unaikumbuka harufu?" Nikasema naikumbuka. "Basi ieleze." Nikajaribu, nikashindwa. Akalia, na mimi nikalia, na mteja aliyekuwa anangoja sumu ya panya akaondoka zake kimyakimya.

Msimu uliopita akaja dukani fundi saa. Ni mzee mkavu, anaishi peke yake pembezoni mwa mji tangu mkewe afariki. "Saa za siku hizi zikiharibika watu wanazitupa," aliniambia, "na mimi wamenitupa nazo, sasa nalima." Alikuja na magugu yake kwenye gazeti, amesikia sharti. Mama Mdogo akayapanga. Nyasi, nyasi, nyasi, ndago.

"Zina majani mangapi sasa hivi?" akamuuliza.

"Manne, matano. Zimeyazidi maharage urefu."

"Na maharage?"

"Wiki ijayo yatatoa maua. Mimi mgongo sina, mwanangu, siwezi jembe. Ikishindikana, Jumamosi trekta linapita kwa jirani, nitamwambia dereva aligeuze shamba lote."

Mwenye duka alitaka nione dawa ile inavyofanya kazi shambani, ili niache kuwasomea wateja kijikaratasi, kwa hiyo nilifuatana na Mama Mdogo. Ilikuwa asubuhi. Maharage hayakuonekana ila ukiinama na kutenganisha nyasi kwa mikono. Mama Mdogo akashusha bomba lenye kitambaa cheupe, akaomba kuona mbegu iliyobaki. Aliomba kwa mazoea, macho yake yakiwa kwenye ndago. Fundi akaingia ndani akatoka na kikopo alichokuwa akihifadhia skrubu za saa. Akakifungua.

Mama Mdogo alitazama ndani. Akakaa chini, palepale kwenye udongo, na buti zake.

Punje zilikuwa kama thelathini. Nyeupe, nene, na doa jekundu kuzunguka jicho. Nilichukua moja nikainusa, upuuzi mtupu, maharage makavu hayana harufu. Lakini niliinusa.

"Umeyatoa wapi?" akauliza.

"Mke wangu alipewa na mwanamke mmoja kwenye foleni ya kliniki. Zamani sana. Alikuwa nayo kwenye pindo la khanga, akamgawia ngumi moja."

"Huyo mwanamke alikuwa na pengo hapa mbele?"

"Mwanangu, mimi sikumwona. Mke wangu ndiye aliyemwona." Fundi akatutazama mmoja mmoja. "Mnayataka? Chukueni. Shamba lenyewe ndiyo hivyo linakufa."

Mngefanya nini ninyi? Mimi ningechukua kile kikopo nikakimbia. Mama Mdogo akakifunika, akamrudishia.

"Sitaki haya," akasema. "Nataka ya humu shambani. Nataka nimpelekee dada yangu maharage yaliyopigwa dawa kwa mkono huu huu, yakapona."

Nilitaka kumshika mabega nimtikise. Nikamvuta pembeni nikamwambia ana wazimu, kwamba hata akipanda thelathini tu, baada ya misimu miwili yatakuwa debe, kwamba kiburi ndicho kilichomweka nje miaka sita na sasa kinataka kumweka wa saba. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nikimpelekea ya kwenye kopo," akasema, "nitakuwa nimerudisha mbegu. Lakini ataniona ni yule yule. Hatanipa tena shamba lake. Nataka anipe shamba lake."

Nikamshikia ndoo yake.

Akapulizia miche kumi ya pembeni. Siku mbili za kungoja. Siku hizo mbili alikuja dukani mara sita, hana anachonunua, anasoma lebo za chupa ambazo anazijua kwa moyo. Siku ya tatu, Ijumaa, tulikuwa shambani kabla umande haujakauka. Miche kumi ilikuwa imesimama, majani bapa, hakuna hata ukingo mmoja uliojikunja. Aliishika mmoja mmoja. Kisha akangoja umande uishe, akarusha vumbi kidogo hewani kutazama upepo, akavaa barakoa, akaanza. Alifika mwisho wa mstari wa kwanza, akasimama, akanipa mgongo kwa muda, kisha akageuka na mstari wa pili. Fundi saa alikaa kwenye kiti chake mlangoni akatazama, na trekta la Jumamosi halikuitwa.

Dawa ya nyasi si ya watu wenye haraka. Siku tano za kwanza hakuna kinachoonekana, nyasi zimesimama zinakucheka. Siku ya nane zikaanza kugeuka, rangi ya zambarau kwenye ncha. Siku ya kumi Mama Mdogo akainama, akashika jani la katikati la nyasi moja kwa vidole viwili, akalivuta taratibu. Likatoka lote bila kugoma, na chini kwenye moyo lilikuwa limeoza, kahawia. Akavuta jingine. Akavuta jingine. Maharage pembeni yake yalikuwa yametoa maua meupe. Ndago tuliing'oa wenyewe, yeye na mimi, kwa magoti, siku nzima, na mgongo wangu haujanisamehe mpaka leo.

Yalivunwa, yakapigwa, yakapepetwa. Fundi akampa Mama Mdogo kilo mbili na hakutaka kusikia maneno mengine. Akaja nazo dukani kwenye mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, akauweka juu ya kaunta, akausukuma upande wangu.

"Mpelekee."

"Sipeleki."

"Mpelekee, nitakuja nyuma yako."

"Mama Mdogo, nimepeleka vitambaa, nimepeleka dawa za kikohozi, nimepeleka salamu zisizo na mwenyewe. Hili peleka mwenyewe. Nitafunga duka, tutakwenda wote, lakini mkononi utashika wewe."

Akanitazama kwa yale macho ya siku niliyochanganya mabomba. Halafu akachukua mfuko.

Mama alikuwa uani kwenye benchi, anamenya viazi. Mama Mdogo akasimama penye mlango wa ua, mahali alipokuwa akipita mbio utotoni, sasa kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Shikamoo, dada."

Mama hakuinua kichwa mara moja. Alimaliza kiazi alichoshika.

"Marahaba," akasema. "Umekonda."

"Wewe umenenepa."

"Si nakula peke yangu, hakuna wa kuninyang'anya."

Mama Mdogo akasogea, akafungua mfuko, akamimina maharage kwenye ungo uliokuwa mtupu miguuni pa Mama. Mama akaweka kisu chini. Akaokota punje moja, akaigeuza. Na Mama Mdogo akaanza kusema. Alisema kwa dakika chache maneno mengi kuliko niliyomsikia akisema mwaka mzima: fundi saa, kikopo cha skrubu, foleni ya kliniki, miche kumi, siku kumi, moyo wa nyasi uliooza. Na magunia yote aliyofungua kabla ya hapo, na njia zote.

"Nimeyapulizia mwenyewe, dada," akamaliza. "Kwa mkono huu. Yakapona."

Akangoja. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na alingoja kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

Mama hakufurahi. Nilimtazama usoni nikaona kitu ambacho sikukielewa, kwa sababu kilikuwa hofu. Akainuka, magoti yakalia, akaingia ndani. Tulisikia kitanda kikisogezwa. Alipotoka alikuwa ameshika chupa ya kioo ya kahawa, ya zamani, kifuniko chake kimezungushiwa gundi ya karatasi. Akaiweka kwenye benchi, akabaki amesimama.

Ndani kulikuwa na majivu, unga wa wadudu, na maharage. Yametobolewa, mengine maganda matupu. Lakini jicho lilionekana, doa lake limefifia kuwa la kahawia.

Mama Mdogo aliichukua ile chupa, akaigeuza juani. Unga ukateremka upande mmoja.

"Haya ni yapi?" akauliza, ingawa alijua.

"Nilikuwa nimebakiza," Mama akasema. "Mama alitufundisha kubakiza. Ningepandaje yote?"

"Ulisema huna hata punje."

"Nilisema kwa hasira. Nilitaka uumie kama nilivyoumia mimi. Nikasema moyoni, kesho akija nitamwambia yapo. Hukuja. Wiki ikapita, nikaona aibu kukufuata. Msimu ukafika nikataka kuyapanda. Nikakumbuka wewe unapita mashamba yote, utayaona, utajua nilikudanganya. Nikaacha. Msimu uliofuata vile vile. Mpaka nikafungua siku moja nikakuta wadudu wamemaliza."

Mimi nilikuwa nahesabu. Bibi wa maharage ya jicho jeusi, safari ya siku mbili kwa miguu, yale magunia. Na yote hayo, chupa ilikuwa chini ya kitanda ambacho mimi mwenyewe nilikitandika kila nilipokuja kumsaidia kufua. Nilitaka kumfokea mama yangu, na sijawahi kumfokea maishani.

Mama Mdogo hakufoka. Ingekuwa rahisi kama angefoka.

"Mama alipofariki nilibaki na wewe," akasema. "Wewe uliponinyamazia, nilibaki na nani?"

Mikono ya Mama ilikuwa bado na maji ya viazi, akawa anaipangusa kwenye gauni, lile la kijani jipya, anaipangusa tena na tena.

"Hata mimi nilibaki peke yangu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Na mbegu nilikuwa nayo."

Mama Mdogo aligeuka akatazama mlango wa ua, chupa mkononi. Nilidhani ataondoka, na nisingemlaumu. Kisha akaiweka chini taratibu, akaketi upande wa pili wa benchi, akavuta sufuria, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi vilivyobaki, huku analia bila kujifuta.